Ukisoma Utafiti wa Homa ya Mafua, Anza na Kilichopimwa

Mwaka mmoja nilichanjwa dhidi ya homa ya mafua, na siku ya tano nikaugua. Nilikuwa nimesoma kwamba chanjo ile hupandisha mara nne kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na vimelea, hivyo nikajiona nimedanganywa, hadi niliporudi kwenye makala yenyewe ya utafiti na kukuta kwamba damu ya washiriki ilichukuliwa wiki tatu baada ya kuchanjwa. Mwili huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga hiyo. Mimi niliugua kabla haijakamilika.

Tangu hapo sisomi hitimisho kabla ya kusoma sehemu ya mbinu, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kipimo cha kingamwili utakachokutana nacho mara nyingi kinatokana na ugunduzi wa George Hirst wa mwaka 1941, kwamba virusi vya mafua hushikamanisha chembe nyekundu za damu. Seramu ya mtu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, huzimuliwa hatua kwa hatua katika safu ya vishimo vidogo, kisha huongezwa virusi na chembe hizo. Kingamwili zikitosha, chembe huzama na kutulia chini kama kifungo chekundu. Zisipotosha, chembe hushikana na kutanda kama utando. Kishimo cha mwisho chenye kifungo ndicho kinachotoa namba inayoandikwa kwenye jedwali. Kiwango cha 1 kwa 40, yaani seramu iliyozimuliwa mara 40, kimezoeleka kuchukuliwa kuwa kinapunguza hatari ya kuugua kwa karibu nusu miongoni mwa watu wazima wenye afya. Ni nusu, wala si kinga kamili. Zaidi ya hayo, kipimo hiki huonyesha hasa kingamwili zinazoshika kichwa cha hemaglutinini, protini iliyo juu ya kirusi ambayo hukisaidia kujishikiza kwenye seli, na kwa kawaida hakizioni zile zinazoshika shina lake.

Angalia pia ni kirusi kipi kilichotumika, kwa kuwa virusi vya mafua hubadilika, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hupitia muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka.

Utafiti ulionigusa kuliko yote ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2008. Wazee 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla yake walipimwa, na wote walikuwa bado na kingamwili dhidi ya kirusi kilichosababisha janga la mafua la mwaka 1918, karibu miaka 90 baadaye. Niliposoma hayo nilisisimka sana, lakini hata hapo nakusihi usome polepole: waliopimwa ni walionusurika tu, na walioonyeshwa kukingwa na kingamwili zilizotokana na seli za wazee hao walikuwa panya.