Thamani yako na sinki la vyombo: kwa anayeanza tafakuri

Kama ndiyo kwanza unaanza tafakuri, chagua kazi moja tu ya kuifanya kwa makini, tena ile unayoifanya kila siku bila mtu kukusifu: kuosha vyombo, kufagia, kukunja nguo. Wengi hujiwekea azma ya kuwa watulivu tangu asubuhi hadi usiku, na baada ya siku chache wameshachoka na kuacha.

Tuchukue vyombo. Zima redio, weka simu mbali. Shika kikombe kimoja, usikie uzito wake, joto la maji, mafuta yanavyoteleza chini ya vidole. Pitisha kidole ukingoni, pale midomo inapogusa, maana uchafu hupenda kujificha hapo. Sugua mpaka kidole kikipita kitoe mlio mkavu. Suuza, weka, shika kingine. Mawazo yatakimbia, hilo halikwepeki. Utajikuta kwenye ugomvi wa juzi au deni la mwisho wa mwezi, mikono bado imo kwenye povu. Ukigundua, usijigombeze, rudi kwenye kikombe. Huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe, hata ukirudi mara ishirini kabla sinki halijaisha.

Kazi za nyumbani zina jambo moja linaloumiza: hazibaki. Sakafu uliyoipiga deki asubuhi, jioni imejaa nyayo. Ukijipima kwa kile kinachobaki, utajiona hufai, hasa kama unashinda ndani ukiwatunza wengine huku wenzako wanapandishwa vyeo. Nimewasikia watu hodari wakiulizwa wanafanya kazi gani, wakajibu, "Sifanyi chochote." Jibu hilo huniuma kila ninapolisikia, kwa sababu wanalisema kwa dhati.

Watawa waliligusa jambo hili zamani sana. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa Kikristo wa karne ya 6, inamtaka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Kule Japani, mwaka 1237, Dōgen, mwalimu wa Zen, tawi la Ubuddha, aliandika maelekezo kwa mpishi wa monasteri: aoshe mchele mwenyewe kwa makini, achambue mchanga, asipoteze hata punje, wala asidharau mboga duni. Kwake, upishi ulikuwa wa kukabidhiwa mtu aliyekomaa katika mazoezi. Naye Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris aliyefariki mwaka 1691, alitumika jikoni miaka mingi ingawa kwa asili hakuipenda kazi hiyo. Huyu ndiye ninayemtaja zaidi kwa wanaoanza. Huhitaji kuipenda kazi ndipo uifanye kwa moyo wote.

Sasa tahadhari. Utashawishika kujipa alama: leo nilitulia, jana nilivurugika. Ukifika hapo, umerudia kipimo kilekile kilichokuchosha mwanzo. Maliza kazi, funga bomba, ondoka.

Jingine ni zito zaidi. Tafakuri isitumike kukunyamazisha. Kama mzigo wote wa nyumba au wa ofisi umekuangukia peke yako, utulivu wako haufanyi jambo hilo kuwa haki. Kanuni hiyohiyo ya Benedikto iliweka zamu za jikoni za juma zima, ndugu wakihudumiana, na walioondolewa ni wachache, kwa sababu za ugonjwa au majukumu mazito. Kwa hiyo sema waziwazi kwamba mnapaswa kugawana. Aliyekwisha kuiheshimu kazi yake mwenyewe huyasema hayo bila kutetemeka.

Siku mbaya zitakuja, mtoto analia, mwili umechoka, muda hakuna. Siku hiyo usidai mengi: pumua mara tatu kabla ya kufungua bomba, osha kikombe kimoja kwa makini, vilivyobaki vioshe upendavyo. Kazi ya pili iongeze pale tu ya kwanza itakapokuwa haihitaji tena kujikumbusha.