Mume wangu amemaliza mionzi, mbona analala kutwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Tukuyu. Mume wangu ana miaka 48, alitolewa uvimbe wa ubongo aina ya glioma, kisha tukakaa Dar es Salaam kwa mionzi 30. Hii ni wiki ya 5 tangu imalizike. Anameza temozolomaidi (dawa ya saratani) siku 5 katika kila siku 28, deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) asubuhi na usiku, na dawa ya kifafa. Mchana kutwa analala, usiku yuko macho. Mashemeji zangu wanasema amejiachia. Nimwamshe au nimwache apumzike?

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana. Mume wako hajajiachia. Uchovu huu hauishi kwa kulala kama ule wa mtu aliyetoka shamba, na wiki aliyofikia sasa ndiyo yenyewe. Mionzi ya kichwa huacha wimbi la usingizi linalokuja baada ya matibabu kwisha, mara nyingi wiki ya 4 hadi ya 6, halafu hupungua polepole. Waambie mashemeji hivyo, kwa sababu mgonjwa anayesikia anaitwa mvivu hujilazimisha siku moja, kisha analipa siku tatu kitandani.

Lakini usiuachie mionzi lawama yote. Mimi ningeanza na hicho kidonge cha usiku. Deksamethasoni huondoa usingizi. Mwulize daktari wake kama dozi ya pili inaweza kuhamia mchana, saa 8 hivi, baada ya chakula. Dawa hiyo hiyo hula misuli ya mapaja. Mwambie akae kwenye kigoda, akunje mikono kifuani, kisha ainuke. Akishindwa, au kama siku hizi anashika ukuta kuinuka chooni, huo ni udhaifu wa misuli na daktari aujue, huenda dozi ikapunguzwa. Asiiache ghafla kwa uamuzi wenu: mwili uliozoea dawa hii hausimami peke yake mara moja, na ubongo unaweza kuvimba tena. Ipandishayo sukari pia ni hiyo hiyo, kwa hiyo akikojoa sana na kuwa na kiu, apimwe.

Kipimo cha damu cha kabla ya kila mzunguko wa temozolomaidi msikiruke. Omba uone kiwango cha hemoglobini, maana upungufu wa damu unatibika. Dawa za kifafa nazo, hasa fenobabito, huleta usingizi. Hizo pia zirekebishwe na daktari tu.

Sasa kuhusu kumwamsha. Mwamshe asubuhi saa ile ile kila siku, akae penye mwanga. Mchana alale nusu saa, kabla ya saa 9. Kisha atembee, na hapa nasisitiza: mazoezi mepesi ndiyo tiba iliyoonyesha nafuu zaidi kwa uchovu wa saratani. Dakika 5 zinatosha kuanzia. Huko kwenu njia ni vilima, basi msianze kwa kuteremka, kwa maana nguvu zitamwishia wakati wa kupanda kurudi. Zungukeni uani au shambani kwenye migomba, wewe ukiwa kando yake, kwani ana hatari ya degedege.

Kuna jambo watu hawalitazami: wageni. Wanakuja kumjulia hali kwa upendo, wanakaa watano sebuleni, redio inalia, kila mmoja ana swali. Kwa ubongo uliopasuliwa na kupigwa mionzi, kufuata mazungumzo ya watu watano ni kazi nzito kuliko kubeba ndoo ya maji. Wapange wawili wawili, robo saa, asubuhi akiwa na nguvu. Kumwambia mzee wa ukoo arudi kesho ni vigumu, najua. Mwombe shemeji mmoja aifanye kazi hiyo badala yako. Itamsaidia naye kuelewa.

Msisubiri kliniki akiwa haamshiki au anaamka amechanganyikiwa, kichwa kinauma zaidi asubuhi na anatapika, amepata degedege, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea upya, au ana homa ya 38 na kuendelea. Siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, na mbebe vidonge vyake vyote mkononi.