Zizi la mbao: maswali yenu na majibu

Nguzo zangu zina urefu wa mita 2.4. Nizifukie kiasi gani?

Theluthi ya nguzo iingie ardhini, yaani sentimita 80. Juu itabaki mita 1.6, kimo kinachowatosha ng'ombe watulivu. Baina ya nguzo na nguzo acha mita 2 hadi 2.5, na zile za kona na za lango ziwe nene zaidi na zizame zaidi. Udongo urudishie kidogo kidogo, sentimita 15 hivi kila mara, ukishindilia kwa mti mzito mpaka mlio wa kila pigo uwe mkavu. Ukijaza shimo lote halafu ukakanyaga juu, chini kutabaki kumelegea na zizi litayumba mara fahali wa kwanza akijikuna.

Mbao za kulala zikae ndani au nje ya nguzo? Fundi anataka nje, anasema ndiko kunakopendeza.

Ndani, waliko wanyama. Ng'ombe akiegemea, ataikandamiza mbao kwenye nguzo. Zikiwa nje, kinachomzuia ni misumari tu, nayo hung'oka. Na ncha zozote zilizotokeza zikunjwe siku hiyo hiyo, jamani. Ngozi ya mnyama haisubiri kesho.

Nguzo zangu zimeoza usawa wa ardhi, ingawa chini na juu ni nzima. Nipake oili chafu?

Kuvu inayoozesha mti inataka maji na hewa kwa pamoja. Juu nguzo hukauka, chini kabisa hewa ni haba, lakini pale shingoni vyote viwili vipo. Oili chafu usipake: ina metali nzito, na ng'ombe hulamba kila kitu. Tafuta mti wenye kiini kigumu, uubambue ganda, na ukumbuke kwamba sehemu nyeupe ya nje huoza upesi hata kwa mti unaosifiwa. Weka kokoto chini ya shimo, kisha udongo wa juu uuinue kuizunguka nguzo ili maji yakimbie.

Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani hudumu, ila vipande vinavyobaki usivichome kamwe. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moto hauiangamizi. Hubaki kwenye majivu. Ng'ombe hupenda kulamba majivu kwa ajili ya chumvi, na wapo waliokufa kwa kulamba mahali palipochomwa nguzo za namna hiyo. Hili nalisisitiza kuliko yote ya leo. Vikusanye vyote, hata vumbi la msumeno, uvipeleke mbali na mifugo.

Zizi la duara au la pembe nne?

Duara, ukiweza. Wanyama wakishtuka hurundikana konani na wadogo hukanyagwa. Kama umeshajenga la pembe nne, ziba kila kona kwa mbao za mshazari.

Mbuzi wananipenya chini.

Mbao za chini zikaribiane, sentimita 10 hadi 15. Za juu zinaweza kuachana zaidi. Wenye pembe wachunge: hupitisha kichwa wakashindwa kukitoa.

Lango langu la mbao limeinama, sasa linaburuta.

Kagua kwanza kama nguzo yenye bawaba imelala. Ikiwa imesimama wima, tatizo ni mshazari. Mbao ya mshazari inatakiwa ianzie chini upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa komeo, ili ibebe uzito kwa kusukumwa. Ukitumia waya, geuza: uanzie juu kwenye bawaba, ushuke hadi chini upande wa komeo, kwa sababu waya hufanya kazi ukivutwa tu.