Namba za vichwa vya ripoti usiziandike kwa mkono

Msimu wa wanafunzi kukabidhi ripoti ukifika, steshenari yangu hapa Nyegezi haifungwi mapema. Wengi hawaji kuprinti na kubaindi tu. Anaingia mtu na flashi mkononi, hata salamu haijaisha: "Dada, nisaidie, namba zimevurugika."

Ukifungua faili unakuta kila namba imeandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi. Kipengele kimoja kikiongezwa au kikitolewa, vyote vinavyofuata vinakuwa na namba ya uongo.

Kuna ripoti moja siisahau. Kijana wa Ukerewe aliandika juu ya ukaushaji wa dagaa kwenye mwalo wa Igombe. Kazi yenyewe nzuri. Alilinganisha dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa juu ya vichanja, akakaa na akina mama wanaowageuza juani. Jioni ya mwisho msimamizi wake akamwambia aondoe kipengele cha 2.3, kilichohusu karabai na taa za sola. Tukakifuta, tukaanza kushuka tukibadilisha namba: 2.4 iwe 2.3, 2.4.1 iwe 2.3.1, mpaka 2.11. Yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika. Saa sita usiku tukaprinti nakala nne.

Asubuhi alirudi ameshika nakala moja, kidole kimebanwa katikati ya kurasa. Kulikuwa na 2.7 mbili. Na huko sura ya nne maneno "tazama 2.9" yalikuwa yanampeleka msomaji kwenye habari nyingine kabisa. Nilizichapa upya kwa gharama yangu, kwa sababu vidole vilivyokosea ni vyangu. Tangu siku hiyo sikubali kuandika namba ya kichwa kwa mkono, hata mteja awe na haraka ya kuwahi meli ya Nansio.

Kazi inaanza na staili, yaani alama inayoiambia programu kwamba mstari huu ni kichwa; namba zinafuata baadaye. Kwenye Microsoft Word, weka kishale kwenye jina la sura kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Hiyo ndiyo hedingi ya kwanza, kwenye skrini utaiona imeandikwa Heading 1. Kipengele cha ndani kinapewa 2, na cha ndani zaidi 3. Pitia ripoti nzima hivyo, na futa kila namba uliyokuwa umeandika mwenyewe, la sivyo zitatokea mbilimbili.

Ukimaliza, rudisha kishale kwenye jina la sura ya kwanza. Juu, palipo na vitone na namba za orodha, kuna kitufe cha tatu chenye mistari inayoingia ndani kama ngazi. Kifungue, uchague orodha ambayo ndani yake limo neno Heading. Wengi wanachagua ile ya jirani isiyo na neno hilo, na hapo ndipo wanapoharibikiwa, kwa sababu ile haijafungwa kwenye staili. Ukichagua sahihi, ripoti nzima inajipanga mara moja: 1, 1.1, 1.1.1. Futa 2.3 sasa uone 2.4 inavyopanda yenyewe.

Sasa kuna jambo linalowasumbua sana wanaoandika kwa Kiingereza. Vyuo vingi vinataka sura iandikwe "CHAPTER ONE", lakini vipengele viwe 1.1. Ukiiambia programu itumie neno badala ya tarakimu, inakuletea "One.1", na mtu anakata tamaa anarudi kwenye mkono. Fungua tena kitufe kile, chini chagua "Define New Multilevel List", bonyeza More. Chagua ngazi ya 2, halafu upande wa kulia weka tiki kwenye "Legal style numbering". Rudia kwa ngazi ya 3. Tiki hiyo inalazimisha tarakimu za kawaida, na "One.1" inakuwa 1.1.

Anayeandika kwa Kiswahili ana njia yake, maana Word haina "kwanza, pili, tatu" kwenye orodha ya namba zake. Kwenye dirisha lilelile, mimi naingia ngazi ya 1, nafuta tarakimu iliyomo kwenye kisanduku cha namba, nakiacha kitupu, kisha "SURA YA KWANZA" naiandika mwenyewe kama sehemu ya kichwa. Programu inaendelea kuhesabu sura kimyakimya, na 1.1 inatoka sawa.

Wanaotumia LibreOffice badala ya Word watakuta mpangilio wa namba za vichwa kwenye menyu ya Tools, na huko ni rahisi zaidi.

Na yale maneno ya "tazama 2.9"? Usiyaandike pia. Nenda References, chagua Cross-reference, onyesha kichwa unachokitaja na uchague namba yake. Kichwa kikihama, namba itakifuata, ila mpaka uiambie ijisasishe. Kwa hiyo kabla hujachomoa flashi kuniletea, bonyeza Ctrl na A, kisha F9. Ikikuuliza kuhusu yaliyomo, chagua kusasisha jedwali lote, siyo namba za kurasa peke yake, halafu ihifadhi kama PDF.