Karatasi za kodi ambazo hakuna atakayekutumia

Kwa sisi tunaoishi Marekani, msimu wa kodi huanza na bahasha. Mwajiri anatakiwa awe ametuma W-2, fomu ya mshahara na kodi iliyokatwa, kufikia tarehe 31 Januari, 1099, fomu za mapato mengine, nazo zinafuata, na aliyekata bima ya afya kupitia soko la serikali hupata 1095-A, fomu ya bima hiyo. Hizo hazinisumbui, zikiingia, nazitia kwenye faili moja, basi. Ila 1095-A usiisahau nyumbani siku ya kwenda kwa mwandaaji wa kodi. Bila hiyo hesabu ya ruzuku ya bima haikamiliki, na pesa unazosubiri kurudishiwa zinaweza kukwama.

Kazi iko kwenye karatasi ambazo hakuna atakayekuletea. Chukua malezi ya mtoto. Ili upate nafuu ya kodi kwa gharama hizo, anayekuandalia ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, atataka jina, anwani na namba ya kodi ya mlezi. Mama anayelea watoto nyumbani kwake hana sababu ya kukukumbusha, na akishahama utabaki kupiga simu isiyopokelewa. Mimi humwomba Desemba, ninapomlipa mwezi wa mwisho. Ananiandikia vyote kwenye karatasi moja pamoja na jumla ya mwaka mzima, anatia sahihi, tunaagana vizuri.

Wanaobeba abiria kwa programu za simu nao wasitegemee taarifa ya kampuni peke yake. Malipo itayaonyesha, lakini maili za kumfuata abiria huenda zisiwemo zote. Weka daftari garini: tarehe, maili za kuanzia, maili za kumalizia, safari ilikuwa ya nini. Mwandiko mbaya si hoja, mradi uandike siku ileile.

Halafu kuna riba ya akiba. Ikiwa chini ya dola 10, benki hailazimiki kukutumia fomu, lakini kwenye ritani inatakiwa iwemo. Itazame kwenye taarifa za benki.

Beba pia ritani ya mwaka jana, namba ya akaunti, na kadi za Social Security au barua za ITIN (namba ya kodi ya asiye na namba ya Social Security) za kila mtu nyumbani, maana namba za watoto tukizitaja kwa kichwa tunazichanganya. Mkijaza pamoja na mwenzio, sahihi zinatakiwa mbili, kwa hiyo angalieni zamu zenu za kazi kabla ya kupanga miadi.

Mpe mwandaaji nakala, asili zibaki kwako. Muulize PTIN yake, namba ya utambulisho ya mwandaaji wa kodi, kwani kila anayelipwa kwa kazi hii lazima awe nayo. Na akikuwekea fomu tupu mbele yako utie sahihi, chukua faili lako uondoke.