Kichanga sukari ilishuka, ubongo utakuwa salama?
Pole dadangu wa Masasi, umesema sukari ya mtoto ilisoma 1.9 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) siku ya kwanza, wakampa dripu ikapanda na sasa hulali unawaza ubongo. Kinachoumiza ubongo hasa ni sukari kukaa chini sana muda mrefu au mpaka degedege lianze, ikishuka mara moja ikarekebishwa fasta mara nyingi haiachi kitu. Ubongo wa kichanga unakula sukari balaa ndo maana wauguzi hawataki ishuke chini ya 2.5.

Wangu alizaliwa kilo 2.1 huku Newala na baridi ya huku juu unaijua, usiku namkuta kalegea, vidole vinatetemeka, chuchu anaiacha, kumbe baridi nayo inamaliza sukari. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, nyonyesha kila masaa mawili matatu hata kalala, akinyonya kidogo tu kamua umpe kwa kikombe. Na bibi asilete maji ya sukari wala asali jamani! Akikakamaa au akigoma kunyonya, wahi hospitali usiku huohuo hata kwa boda. Kliniki nako waambie ilishuka, wamfuatilie macho na anavyokaza shingo na kukaa.