Choo kiko nje na ngazi ni nne: majibu ya barua zenu kuhusu kiharusi

Tangu niseme hapa kwamba kazi yangu ni ergo, simu haitulii. Kwa wasiojua: kine anakunyoosha mguu na mkono virudishe nguvu, ergo anauliza nguvu hiyo utaifanyia nini. Utavaa shati? Utaingia chooni bila kuita mtu? Kiswahili cha vitabuni kinaiita tiba kazi, na si jina baya. Barua zilizofika karibu zote zinahusu kiharusi, AVC kama tunavyosema hapa Goma, kwa hiyo leo ni hizo tu. Nimezifupisha.

Yaya, papa yetu alipatwa na AVC miezi miwili iliyopita. Sasa anatembea mwenyewe mpaka barazani. Hospitali wanasema mtu atakuja nyumbani kumpima. Atampima nini tena na mguu umesharudi? (Ndosho)

Mguu umerudi, Mungu asifiwe. Lakini nawajua wazee wanaotembea mpaka kanisani na bado kila asubuhi binti ndiye anayewafunga vifungo. Na wengine hawawezi kusimama dakika mbili, ila wananawa, wanakula na kuhesabu pesa ya kodi bila msaada wa mtu.

Atakayekuja ataanza kwa maongezi. Kabla ya ugonjwa, siku ya Papa ilianzaje? Nani alichota maji? Alinyolea wapi? Kitu gani kinamuuma zaidi kwamba hakifanyi sasa? Usijibu wewe badala yake, hata kama maneno yanamtoka polepole. Utashangaa. Mzee mmoja familia ilitaka ajifunze kuoga. Yeye alitaka kufungua kufuli la duka lake kwa mkono wake. Tulianza na kufuli.

Halafu atamwomba afanye, si aeleze. Hapo ndipo familia zinaharibu kipimo bila kujua. Mwezi uliopita nilimwomba papa mmoja avae sweta. Hata hajaligusa, mikono mitatu ilikuwa imefika: ya mke, ya binti, ya mjukuu. Sweta likavalika chapuchapu, nami sikuona kitu. Nikawaomba wote watoke nje. Peke yake alitumia dakika kumi na moja. Alitanguliza mkono wenye nguvu, ule mgonjwa ukakosa njia, akavua, akaanza upya, akakwama tena. Mimi kimya, naandika: anakaa bila kuegemea, anaona kosa lake, hakati tamaa, hajui tu mkono upi utangulie. Mkono mgonjwa ndio wa kwanza kuvaa na wa mwisho kuvua. Nilimwonyesha mara moja. Wiki iliyofuata alivaa kwa dakika nne, na mke wake akaanza kulalamika kwamba sasa hataki kuguswa.

Ipo pia karatasi ya alama. Inayotumika sana inaitwa Barthel, ilichapishwa Marekani mwaka 1965. Ina shughuli kumi: kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia mkojo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kutembea, kupanda ngazi. Jumla ni alama 100. Msiifanye mtihani wa serikali. Inaandika kile ambacho mtu anafanya kweli nyumbani, si kile ambacho angeweza kufanya akitaka. Papa mwenye uwezo wa kunawa lakini ananawishwa kila siku hapati alama ya kunawa. Familia zinakasirika nikisema hivyo. Na hata aliyepata 100 anaweza kushindwa kupika au kwenda sokoni, maana hayo hayamo kwenye karatasi.

Mama yetu ana upande wa kushoto dhaifu. Choo chetu ni kama vyote vya Mabanga, kiko juu, ngazi nne za mawe, nje. Usiku tunambeba watu wawili. Tufanye nini? (Mabanga)

Barua hii nimeisoma mara tatu kwa sababu ndiyo Goma yenyewe. Mtu wa mji mwingine hawezi kuelewa kwa nini choo kinapandiwa ngazi. Chini ni jiwe la volkano, shimo halichimbiki, basi tunajenga kwenda juu. Vitabu vyetu vya shule vinachora choo cha ndani chenye kiti na vigae. Ndiyo maana kipimo kilichofanyika hospitalini tu hakitoshi.

Chukua futi. Pima kila ngazi, maana ngazi za mawe hazilingani, na ile iliyozidi wenzake ndiyo inayoangusha. Zisawazisheni kwa saruji kwanza. Kisha mshikio, na hapa watu wanakosea sana: wanaweka upande mmoja. Mama ana mkono mmoja wenye nguvu, wa kulia. Akipanda, mshikio wa kulia unamfaa. Akigeuka kushuka, mshikio uleule umekuwa kushoto kwake, upande usioshika. Wekeni pande zote mbili. Na msipigilie misumari kwenye mbao za ukuta; siku atakapouegemea kwa uzito wote utang'oka naye. Ufungwe kwa bolti kwenye nguzo, au usimikwe chini kwa saruji.

Kupanda, mguu wenye nguvu unatangulia. Kushuka, mgonjwa unatangulia. Mwambieni hivyo kila siku mpaka miguu yake ijue yenyewe. Anayemsaidia akae upande wa kushoto kwake, na akiwa anashuka asimame ngazi moja chini yake.

Ndani, kuchuchumaa juu ya tundu usimdai sasa. Fundi mbao akate kiti imara, akitoboe katikati, miguu yake iwe imepanuka nje kidogo. Kimo chake mpimeni Mama mwenyewe akiwa amekaa na nyayo zimetulia chini: kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, mwongeze vidole viwili. Kiti kifupi ndicho kinachowafanya watu wabebwe. Ukikaa chini sana, kuinuka kunahitaji nguvu ambayo mguu mmoja hauna.

Na usiku? Ndoo yenye kifuniko chini ya kiti hichohicho, kando ya kitanda, taa ndogo ikiwaka. Najua baadhi ya mama wanaona haya. Muulizeni yeye anachagua nini: ndoo, au wana wawili wa kiume kumbeba saa nane ya usiku kwenye mvua.

Mume wangu anakula nusu ya sahani halafu ananilaumu kwamba namnyima samaki. Samaki yuko palepale mbele yake. Amekuwa mkali hivyo au ananichokoza? (Himbi)

Mama, zungusha sahani. Ile nusu iliyobaki ipeleke kulia kwake, halafu utazame. Akimla samaki bila neno, umepata jibu.

Ubongo wa upande wa kulia ukiumia, mara nyingine kushoto kunafutika. Jicho linaweza kuwa zima. Ubongo ndio hautafuti tena upande ule. Nikimchorea mtu kama huyo mstari na kumwomba aweke alama katikati, anaiweka mbali kulia. Ananyoa shavu moja. Anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto kila siku na kila siku anashangaa. Kuna ugonjwa unaofanana nao ambapo jicho lenyewe limepoteza nusu ya uwanja wake, lakini huyo kwa kawaida anajua, anageuza shingo. Anayesahau hajui kwamba amesahau, ndiyo maana anakulaumu wewe. Hakuchokozi.

Weka kitambaa chekundu ukingoni mwa sahani, kushoto, umfundishe kukitafuta kabla hajaanza kula. Ukizungumza naye anza kulia, kisha hamia kushoto polepole akufuate kwa macho. Na kwa sasa asivuke barabara peke yake kabisa. Motari, yule wa pikipiki, anayekuja kutoka kushoto, kwake hayupo.

Watoto wanamwinua koko yao (babu yao) kwa kumvuta mkono uliopooza. Kuna ubaya? (Katindo)

Ubaya mkubwa. Misuli iliyokuwa ikilishikilia bega imelegea. Ukivuta, mfupa unateremka kutoka mahali pake na maumivu yanakaa miezi. Washike kiunoni au nyuma ya mabega, au mkanda mpana kiunoni. Akikaa, mkono uwe juu ya mto, usining'inie.

Nina miaka 52. Mkono wa kulia umekuwa mzito na hausikii vizuri. Nilikuwa nakaanga sambaza, wale samaki wadogo, na kuuza. Watoto wamenikataza hata kukaribia mbabula, jiko la makaa. Ni sawa? (Birere)

Watoto wana haki nusu. Kabla ya kubishana nao, fanya kipimo hiki: kijiko kimoja kwenye maji ya baridi, kingine kwenye maji ya uvuguvugu. Funga macho, mtoto akuguse mkono wa kulia kwa kimoja kimoja, useme kipi. Ukikosea mara kwa mara, mkono huo hautakuambia kwamba unaungua. Nimeona mwanamke aliyegundua kwa harufu. Basi mkono wa kushoto ndio uonje joto daima, na mafuta yanayochemka yasubiri. Sambaza za kukaanga, Mama, ni za mwisho kwenye orodha, si za kwanza.

Lakini kukukataza jiko lote? Hapana. Mbabula ya chini inakulazimisha uiname juu ya makaa ukiwa umekaa kwenye kigoda; iinueni juu ya mawe yaliyopangwa imara, wewe ukae kwenye kiti cha kawaida, mlango ukiwa wazi moshi utoke. Anza na chai, kisha maharage. Kwa kukata kitunguu au kumenya kiazi, pigilia misumari miwili kwenye ubao, ncha zitazame juu, kiazi kichomwe hapo kitulie. Chini ya ubao weka kitambaa kibichi usiteleze. Bugali ni kazi nyingine, sufuria inazunguka na mwiko. Binti aishike sufuria, wewe usonge kwa kushoto. Si kushindwa huko. Hata wenye mikono miwili wanashikiana.

Biashara tutaipima pia. Mwambie mtoto ajifanye mteja: amenunua ya 3,500, ametoa noti ya 10,000. Ukirudisha sawa mara tano, huku mwingine anakupigia kelele bei, nitakutetea mbele ya watoto wako.

Kaka yangu hataki mazoezi, analia, anasema amerogwa. (Majengo)

Kuhusu kurogwa sibishani na mtu anayelia. Ila karibu mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi anaingia kwenye huzuni ya ugonjwa, na ina dawa. Daktari aambiwe. Akikataa kula au akisema heri afe, aambiwe leo.

Miezi minane sasa. Tumechelewa? (Kyeshero)

Nguvu hurudi kwa kasi zaidi miezi mitatu ya kwanza, na mpaka sita bado unaona mabadiliko. Baadaye kasi inapungua, haizimi. Na mambo mengi niliyoandika hapo juu, kiti, mshikio, ubao wa misumari, hayangoji mkono upone. Hata aliyepatwa miaka miwili iliyopita anaweza kujifunza kuvaa. Dawa ya presha tu isiachwe kwa sababu anajisikia vizuri. Na mdomo ukipinda upya, mkono ukianguka au maneno yakipotea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama yamepita baada ya dakika kumi.

Sisi tuko Minova. Ergo hakuna, kine ni mmoja. Tunaweza kumpima wenyewe? (Minova)

Sehemu kubwa, ndiyo. Chagueni mmoja asiye na haraka. Mara nyingi si mke, ni shangazi au mjukuu mkubwa. Akae na mgonjwa siku nzima, toka kuamka mpaka kulala, na daftari. Kwa kila kitu aandike mambo matatu: alifika wapi peke yake, alikwama wapi, na aliyemsaidia alifanya nini hasa. "Alisaidiwa kuoga" haitoshi. "Alijipaka sabuni tumboni na mguuni, mgongo akashindwa, nikamsugua" ndiyo tunayotaka. Akikwama, mwangalizi ahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini kabla ya kunyoosha mkono, isipokuwa anaanguka.

Mwangalieni pia anapokunywa maji. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, hilo halisubiri daftari lijae: akae wima kabisa anapokula, msimpe chochote akiwa amelala, na mwende hospitali.

Daftari lipigeni picha, mpeni yule kine mmoja. Atajua aanzie wapi.